Mwalimu Honi na Akili ya Hisia

Jumatatu, 9 Machi

Habari kubwa! Shule yetu ya udereva imenunua gari jipya. Jeupe. Viti bado vina nailoni. Kiyoyozi kinapuliza kweli, si kama cha gari langu kinachokohoa tu. Atakayekabidhiwa gari hilo ndiye atakayekuwa Mwalimu Mkuu, na huyo, bila ubishi wowote, ni mimi. Nimefundisha watu udereva tangu wenzangu hawajui hata kuvuka barabara.

Tatizo ni moja. Mkurugenzi, mama mwenye shule, kasema safari hii hatazami nani mkongwe kazini. Anatazama akili ya hisia. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwomba arudie. Akarudia, pole pole, kama anaongea na mtoto.

Kisha akamwingiza mtaalamu, bwana mmoja mwenye miwani na shati lililonyooka. Kazungumza asubuhi nzima. Eti kazini haitoshi kujua kazi. Inabidi mtu ajue anachohisi, ajizuie kabla hisia haijashika usukani, asome anachohisi mwenzake, ndipo aweze kuishi naye vizuri. Eti mwanafunzi mwenye hofu hasikii maelekezo ukimpigia kelele, anasikia kelele tu. Akanitazama mimi. Sijui kwa nini. Mimi hisia zangu nazifahamu zote, njaa na hasira, na sijawahi kuzichanganya.

Mwalimu Taratibu alikuwa anaandika kila neno. Huyu ndiye mpinzani wangu. Wanafunzi wamempa jina hilo kwa sababu hapandishi sauti hata gari likielekea ukutani. Mimi nasikia wananiita Honi. Nadhani ni kwa ajili ya umakini wangu.

Mkurugenzi kanivuta pembeni baada ya semina. Kasema wanafunzi wangu kadhaa wameomba kuhamishwa. Kasema cheo nikiwaze baadaye, kwanza niwaze kazi niliyo nayo. Nikamwambia naelewa kabisa anavyojisikia.

Tayari nimeanza!

Jumanne, 10 Machi

Mbinu ya kwanza: kuisoma hisia ya mwanafunzi na kumtajia. Mtaalamu alisema hisia ikitajwa jina hupungua makali.

Nikaanza na mshonaji, mama mtulivu mwenye sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi. Nikamwambia naona ana hofu. Akasema hana. Nikamwambia mikono inamtetemeka. Akasema ni injini inayotetemeka. Nikamwambia asijifiche, hofu yake ina msingi kabisa, kwani lori lile lililo mbele yetu ukilitazama tu unajua halina breki, na kwenye kona hiyo hiyo nilishawahi kuona mambo ambayo siwezi kumsimulia.

Nikamsimulia.

Akaanza kutetemeka kuliko injini. Tukaingia kwenye bustani ya maua ya benki. Si ndani sana. Mlinzi akaja mbio. Nikamwambia mlinzi naona ana hasira. Ikamzidi.

Lakini tazama jambo kubwa lililotokea! Nilisema ana hofu, na hofu ikaja! Niliisoma kabla mwenyewe hajaipata. Taratibu hawezi hilo hata kwa dawa.

Mshonaji kaomba kuhamia kwa Taratibu.

Jumatano, 11 Machi

Mke wangu kasema kasoro yangu siulizi, natangaza. Si kweli hata kidogo. Ila leo nimeuliza, ili aone.

Mwanafunzi wa asubuhi alikuwa muuza nyama. Jitu la watu, akiingia gari linalala upande. Anacheka tangu anafunga mkanda mpaka anaufungua. Mtaalamu alisema wengine hucheka kuficha maumivu. Nikamuuliza anaficha nini. Akacheka. Aha! Nikamkamata hapo hapo. Kila taa nyekundu, swali. Utoto wako ulikuwaje? Akacheka tena. Baba je? Alikuwa mtu mzuri. Na ndugu je?

Kwenye ndugu kicheko kikakatika. Kumbe hasemezani na kaka yake. Waligombana kwa ajili ya friji la duka, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Akasimamisha gari katikati ya mzunguko akaangua kilio. Mtu mkubwa vile akilia, gari zima linacheza. Honi kila upande. Nikatoa kichwa dirishani nikawaambia madereva watulie, humu kuna mtu yuko kwenye hisia. Kumbe na wao walikuwa kwenye zao.

Akaja askari wa barabarani, mwanamke mkali, filimbi mdomoni. Akauliza kuna nini. Muuza nyama akamweleza habari ya friji, yote, tangu siku lilipoletwa. Askari akaitoa filimbi mdomoni. Akamwambia sasa unalia nini na simu unayo? Mpigie! Akampigia. Pale pale mzungukoni. Kaka akapokea, na kabla ya salamu naye akaangua kilio. Tukamsikia sote. Dereva wa basi nyuma yetu akapiga makofi.

Muuza nyama kanikumbatia mpaka mbavu zikaongea. Askari kaniandikia kosa la kuziba barabara, lakini aliandika huku anafuta macho.

Ushindi mtupu! Nikamsimulia Mkurugenzi. Hakufurahi kama nilivyotarajia. Kaniuliza kama mwanafunzi huyo amejifunza kuzunguka mzunguko. Nikamwambia hatukufika huko.

Muuza nyama kanishukuru tena jioni, kwa moyo wote. Kasema hatanisahau maishani. Kisha kaomba kuhamia kwa Taratibu, kwa sababu angependa pia kujua kuendesha gari.

Alhamisi, 12 Machi

Ulimi unauma. Naandika tu.

Mbinu ya tatu ilikuwa upelelezi. Haiwezekani mtu apendwe hivyo bure, Taratibu lazima ana siri. Kwa hiyo leo asubuhi nikajiingiza kwenye gari lake, nikalala sakafuni nyuma ya viti, nikajifunika turubai. Joto. Vumbi. Harufu ya viatu vya mtu nisiyemjua. Nikavumilia.

Mwanafunzi akaingia. Taratibu akasema, "Karibu, Mama. Leo tunajisikiaje?"

Sauti ikajibu, "Goti halina neno. Moyo ndio unaokwenda mbio."

Naijua sauti hiyo! Ndiyo iliyoniambia siku ya harusi yangu, mbele ya watu, kwamba koti limenikaa upande. Mama mkwe! Yule yule anayetuaga kila Alhamisi kwamba anakwenda mazoezi ya goti!

Gari likaondoka. Taratibu akamuuliza kwa upole mbona hakuomba afundishwe na mkwewe, mwalimu wa shule hii hii. Mama mkwe akabadili gia kwanza.

"Mkwe wangu mtu mwema," akasema. "Hana baya na mtu. Ila akishakaa kwenye kile kiti anakuwa king'ora."

King'ora! Damu ikanipanda. Nikataka kuinuka nijitetee. Nikajizuia. Kujizuia, jambo la pili la mtaalamu! Hisia niliiweza. Vumbi sikuliweza. Nikapiga chafya.

Mama mkwe akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nikaruka mbele, kidevu kikagonga kiti, meno yakakutana na ulimi ukiwa katikati. Taratibu akageuza shingo haraka kutazama nyuma, na shingo ikabaki huko huko. Mama mkwe akaona turubai linainuka likiguna, akalipiga mkoba. Akanipiga kabla ya kunitambua, na baada ya kunitambua.

Hospitalini wamenishona ulimi. Daktari kaagiza nisitamke neno lolote mpaka nyuzi zitoke, wiki nzima. Mke wangu kamuuliza kama haiwezi kuwa mbili.

Ijumaa, 13 Machi

Taratibu kavishwa kola ya shingo, haruhusiwi kukaa garini. Mkurugenzi kaniita ofisini. Kasema angenifukuza leo leo, ila mwalimu aliyebaki mzima ni mimi, tena si mzima sana. Wanafunzi wote wa Taratibu niwachukue mimi. Akiondoka hata mmoja, niondoke naye mkono kwa mkono. Nikafungua mdomo. Akaniambia niufunge.

Nifundisheje bila ulimi? Hiyo ni sawa na kumnyang'anya mpishi sufuria! Nikawa sina njia ila mikono. Kiganja chini: punguza mwendo. Kidole: kata kushoto. Gumba juu: vizuri. Hilo gumba sijawahi kulitumia kazini. Lilikuwa limekakamaa.

Wa kwanza alikuwa mshonaji. Kafungua mlango, kaniona, kataka kuufunga tena. Nikamwonyesha ulimi wenye nyuzi. Akautazama kwa jicho la kazi, akasema mshono si mbaya, akaingia.

Tukafika kwenye kilima ambacho gari humzimikia kila mara. Likazima. Nyuma yetu foleni. Nikavuta pumzi ndefu nimwambie yote niyajuayo kuhusu klachi, na ni mengi. Ulimi ukachoma. Pumzi ikatoka peke yake, bila maneno. Naye, sijui kwa nini, akatoa yake. Akawasha. Akaachia klachi kama anayefunua kitambaa cha hariri. Tukapanda!

Gumba juu. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kasema leo ndiyo amesikia injini inavyosema. Sijui siku zote alikuwa anasikia nini.

Muuza nyama naye kazunguka mzunguko mara saba, kwa raha tu. Kaka yake alikuwa amekaa nyuma, anatushangilia.

Hakuna aliyeomba kuhama! Nimehesabu mara mbili. Lazima ni mashavu. Yamevimba, yananipa sura ya heshima.

Jumamosi, 14 Machi

Leo zamu ya mama mkwe. Niliogopa. Naandika hilo hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Kaja na ule mkoba. Kakaa, kapanga vioo, kafunga mkanda. Hatukuwa na salamu kubwa. Nikaelekeza kidole mbele, tukaondoka. Anaendesha vizuri! Anakata kona kama anayekunja shuka.

Tulipofika barabara ya nje, isiyo na magari mengi, akaanza kuongea. Nadhani kwa sababu sikuwa na njia ya kumkatiza. Kasema gari la marehemu baba mkwe bado liko uani, limefunikwa shuka kuukuu. Hilo nalijua, mimi mwenyewe nilishauri liuzwe. Nisilolijua ni kwamba kila Jumapili anatoka, analifunua, analiwasha. Haendi popote. Analisikiliza tu linavyounguruma, kisha anazima na kulifunika. Miaka yote ya ndoa yake alikaa kiti cha abiria, mkoba mapajani. Mumewe alikuwa akimwambia utajifunza, utajifunza, kuna siku. Sasa siku zimekwisha upande mmoja, kasema, bado upande wake. Anataka aende kwa dada yake mwenyewe, kwa gari lile, asimbembeleze mtu.

Kisha akasema hivi: "Sikukwambia wewe kwa sababu ningekueleza habari za mume wangu, nawe ungenieleza habari za gia."

Tulikuwa tunapanda kilima na gia ya tatu. Ya tatu! Neno lilikuwa limeshafika hapa, kwenye meno. Mshono ukalirudisha. Nikakaa nalo, linazunguka mdomoni kama pipi ya moto. Yeye akasikia injini inalalamika, akashusha gia mwenyewe. Gari likapanda laini.

"Asante kwa kunisikiliza, mwanangu," akasema, macho barabarani.

Mwanangu! Tangu nimwoe binti yake mimi ni "huyu". Huyu kaja. Huyu kala? Macho yakaanza kuwasha. Nadhani dirisha lilikuwa wazi.

Nikampa gumba. Yote mawili.

Jumatatu, 16 Machi

Mtihani wa mama mkwe! Tulikwenda sote. Mke wangu, Taratibu na kola yake, Mkurugenzi, hata muuza nyama na kaka yake, ambao hawana uhusiano wowote na jambo hili ila siku hizi wanakwenda kila mahali pamoja.

Mtahini tunamwita Jiwe. Haitikii salamu. Hatabasamu. Inasemekana alimfelisha mdogo wake wa tumbo moja, kisha akamwomba lifti.

Mama mkwe akakaa kwenye usukani. Jiwe akasema ondoka. Gari halikuondoka. Nikamwona mikono imemganda. Akageuka, akatafuta uso wangu kwenye uzio. Uso wangu mimi! Kifua kikajaa. Nilikuwa na maelekezo kumi na mawili tayari, na sina pa kuyatolea. Nikashika uzio, nikapandisha mabega, nikayashusha. Nikapumua, basi. Pembeni yangu Taratibu akapumua. Muuza nyama akapumua, uzio ukayumba. Tukawa tunapumua sote mstari mzima kama watu wazima wasio na kazi.

Naye akapumua. Gari likaondoka.

Akazunguka. Akapanda. Akarudi kinyumenyume kati ya nguzo bila kugusa hata moja. Jiwe akashuka, sura ile ile. Akaandika. Akafuta. Akaandika. Kisha akasema amepita, na kwamba ni muda mrefu hajashuka kwenye gari la mtihani bila kuumwa kichwa.

Vigelegele! Mke wangu alirukaruka mpaka kiatu kikaenda upande wa pili wa uzio. Mama mkwe akanijia mbio akanipiga mkoba, safari hii kwa furaha. Tofauti ya uzito ni ndogo sana.

Hapo hapo Mkurugenzi akatangaza. Mwalimu Mkuu ni Taratibu. Nikainama. Lakini! Wanafunzi wa Taratibu wameomba wabaki kwangu, na Taratibu mwenyewe kasema gari jipya halitaki, amezoea lake. Kwa hiyo jeupe ni langu! Kiyoyozi changu! Nailoni zangu!

Taratibu kanipa mkono. Shingo haigeuki, ikabidi ageuke mwili mzima, lakini alitabasamu kweli. Kasema kaniona nilivyobadilika, na nikipona angependa kusikia nimejifunza nini. Nikamwonyesha gumba.

Alhamisi, 19 Machi

Ulimi uko huru! Nyuzi zimetoka asubuhi. Daktari kasema nianze taratibu. Nikamwambia Taratibu ni mtu mwingine.

Nikaenda moja kwa moja kazini. Nilikuwa na maoni ya wiki nzima yamerundikana, na mtu huwezi kukaa na mzigo kama huo. Mshonaji akawa wa kwanza. Nikaanza na makosa yake ya Ijumaa, tena nikimtajia na alichokuwa anahisi kwenye kila kosa. Nilipofika ya Jumanne akasimamisha gari vizuri sana pembeni, akawasha taa ya kuashiria, akashuka. Akarudi kwa miguu. Muuza nyama kapiga simu kwamba anaumwa. Nyuma yake nilisikia kaka yake akimfundisha kukohoa.

Mpaka saa ya kutoka watatu walikuwa wameomba kurudi kwa Taratibu. Nimelichunguza jambo hili kwa makini na chanzo nimekipata. Ni kiyoyozi. Baridi huwatia watu wasiwasi. Kesho nitamweleza Mkurugenzi. Pia nitamwomba aniachie niendeshe semina ya akili ya hisia mimi mwenyewe, asubuhi mpaka jioni, bila maswali.

Nimerudi nyumbani mapema. Mke wangu kasuka nywele upya. Kavaa gauni la zambarau ambalo sikumbuki kuliona. Mezani kitambaa cheupe, picha yetu ya harusi, sahani mbili zile za wageni, mshumaa unawaka. Nikajua umeme umekatika. Nikajaribu taa: upo! Nikazima mshumaa, tusiumalize bure.

Akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nikamwambia kumi na tisa Machi. Akauliza kama tarehe hiyo hainikumbushi kitu. Nikafikiri vizuri, nikamwambia inanikumbusha, ndiyo siku niliyotolewa nyuzi. Nikamwonyesha ulimi.

Akautazama mshumaa niliouzima. Zamani ningepuuza. Sasa hivi mimi ni mtu mwingine. Nikaweka kijiko chini, nikamtazama usoni kwa utulivu, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ana jambo lolote.

Kasema hana.

Basi hana. Unaona inavyokuwa rahisi ukishajua kusoma watu? Nikala kwa raha, na sahani yake pia, maana yeye alikwenda chumbani hajaigusa. Mlango umejibamiza nyuma yake kwa kishindo. Upepo huo. Kesho nitatia mafuta kwenye bawaba.